Majengo ya Shule Baada ya Kengele ya Mwisho



Katika toleo hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo kwa macho ni dogo, lakini ndani yake limebeba maswali mazito ya haki. Jambo lenyewe ni matumizi ya majengo ya shule za serikali baada ya saa za masomo. Kengele ya mwisho ikishalia na watoto wakishatawanyika, si kila darasa hubaki tupu. Siku ya Jumamosi akina mama wa VICOBA hukutana humo kununua hisa na kukopeshana. Siku ya Jumapili jumuiya changa ya Wakristo, ambayo bado haijajenga kanisa, husali humo. Kwaya hufanya mazoezi, chama cha ushirika cha wakulima wa pamba huitisha mkutano, vijana hujifunza kazi za mikono, na familia huja kuazima madawati kwa ajili ya harusi au msiba. Katika vijiji vingi vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, jengo lenye bati, sakafu na viti vya kutosha watu hamsini ni moja tu, nalo ni shule.

Hakuna ubaya wowote katika hayo. Ubaya huanza pale yasipojulikana mambo matatu: nani anashika ufunguo, nani amepanga kiasi cha kulipa, na fedha iliyolipwa imekwenda wapi. Mahali ambapo mambo hayo hayajulikani, mnyonge hurudishwa mlangoni, mwenye uwezo hufunguliwa, na Jumatatu asubuhi mtoto wa darasa la pili hukuta dawati lake limevunjika mguu. Kwa sababu hiyo Tume ya Haki na Amani haiwezi kulinyamazia jambo hili.

Nyumba hii ni ya nani?

Tuanze na swali la msingi. Shule ya serikali ni mali ya nani? Kwa sheria majengo yako chini ya halmashauri. Lakini kabla hatujaishia kwenye jibu la sheria, tukumbuke yalivyopatikana majengo hayo. Sehemu ya shule zetu zilianzishwa na mashirika ya dini, kisha zikataifishwa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ili mtoto yeyote asizuiwe kusoma kwa sababu ya dini yake. Nyingine zilijengwa katika miaka ya 1970, taifa lilipoamua kumpatia kila mtoto elimu ya msingi. Nyingine ni matunda ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002. Tena mwaka 2021 serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 nchini kote kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19.

Katika vipindi karibu vyote hivyo, mwananchi hakukaa kando akitazama. Akina mama walibeba maji na mchanga vichwani. Wanaume walifyatua matofali na kusomba mawe. Kijiji kilipandisha boma hadi usawa wa lenta, ndipo serikali ikaleta bati. Na hata pale ambapo kila msumari ulinunuliwa na serikali, fedha ya serikali ni kodi, na mkopo wa serikali utalipwa kwa kodi hiyo hiyo, ikiwamo ile inayokatwa katika kila kilo ya pamba na kila paketi ya chumvi. Basi mwananchi anayeomba kutumia darasa siku ya Jumamosi haombi hisani ya mtu. Anaomba kutumia kwa utaratibu kitu ambacho na yeye ametoa jasho lake kukijenga.

Tena wazo la kuwa shule ni ya jamii nzima si geni katika nchi yetu. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwezi Machi 1967, alitaka shule iwe sehemu ya maisha ya kijiji, wala isiwe kisiwa cha wateule. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yaliyofundisha watoto asubuhi yakafundisha wazazi wao alasiri. Wazee wetu wengi walijifunza kusoma na kuandika wakiwa wamekaa kwenye madawati ya watoto wao. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa takriban asilimia 67; kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wamebaki asilimia 9.6. Ushindi huo ulipatikana kwa kiasi kikubwa kwa kufungua milango ya shule baada ya kengele ya mwisho. Na hapa mkoani kwetu, mwishoni mwa miaka ya 2010, kambi za kitaaluma zilizowakusanya shuleni wakati wa likizo wanafunzi wa madarasa ya mitihani zilionyesha tena kwamba jengo la shule linaweza kufanya kazi kubwa katika siku ambazo zamani lilikuwa limefungwa.

Kwa nini basi kulipa?

Atatokea mmoja wetu na kusema: kama nyumba ni yetu, kwa nini tutozwe? Swali hili ni la haki, nalo linastahili jibu la haki.

Kila anayeingia darasani anatumia kitu. Sakafu huchakaa, chaki huisha, maji ya tangi hupungua, shimo la choo hujaa, na mlinzi hukaa saa nyingi zaidi. Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kilichopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi tangu wakati wa MMEM ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Tukizigawa kwa siku 194 za masomo, tunapata kama shilingi 51 kwa siku kwa kila mtoto. Ndani ya shilingi hizo 51 mna daftari la mahudhurio, chaki, karatasi za mitihani na ukarabati mdogo. Sasa mtu mzima akivunja dawati na kuondoka, dawati hilo litatengenezwa kwa shilingi za mtoto. Ndugu, hapo mtoto ndiye anayemlipia mtu mzima ukumbi! Tangu mwezi Januari 2016 elimumsingi hutolewa bila ada, na madarasa yamejaa. Mkoa wa Simiyu ulihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 1.58 katika sensa ya mwaka 2012, na zaidi ya milioni 2.1 katika sensa ya mwaka 2022. Hakuna dawati la kuchezea.

Kwa hiyo ni haki anayetumia achangie matunzo. Lakini kuna tofauti kati ya mchango wa matunzo na kodi ya biashara. Mchango wa matunzo hurudisha kile kilichotumika. Kodi ya biashara hutafuta faida. Shule ya umma haikujengwa ili ipate faida kutoka kwa wajane wanaoweka akiba ya shilingi elfu mbili kwa wiki. Mafundisho jamii ya Kanisa, tangu Papa Leo wa 13 alipotoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, yametetea haki ya watu wa kawaida kuunda vyama vyao ili wajisaidie. Naye Papa Pius wa 11, katika Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alieleza kanuni ya auni: mamlaka kubwa isaidie vyama vidogo vifanye kazi yake, wala isivimeze wala kuvinyonga. Kumnyima mtu mahali pa kukutania ni njia mojawapo ya kukinyonga chama chake.

Hatari tatu

Tunaona hatari tatu, nazo tunazitaja bila kumnyoshea kidole mtu yeyote.

Hatari ya kwanza ni fedha isiyo na risiti. Noti inapotoka mkononi mwa katibu wa kikundi na kuingia mfukoni mwa mshika ufunguo, pasipo karatasi, haki imekwisha kujeruhiwa, hata kama mshika ufunguo ni mtu mwaminifu. Mwaminifu huyo hana cha kumtetea siku atakaposingiziwa. Mwingine asiye mwaminifu hana cha kumzuia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walisema kweli.

Hatari ya pili ni upendeleo. Pasipokuwa na kanuni iliyoandikwa, atakayefunguliwa ni yule anayejuana na mwalimu, mwenye chama chenye nguvu, au anayetoa zaidi. Harusi ya tajiri itaondoa mkutano wa watu wenye ulemavu uliopangwa tangu mwezi uliopita. Mgombea mmoja atapewa ukumbi, na mpinzani wake ataambiwa kwamba ufunguo umepotea. Mambo ya namna hii hupanda chuki katika kijiji, na chuki hiyo huchukua miaka mingi kung'oka.

Hatari ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, humwangukia mtoto. Ni mtoto anayefagia Jumatatu uchafu wa sherehe ya Jumamosi. Ni mtoto anayekuta choo hakiingiliki, na binti aliye katika siku zake ndiye anayeteseka zaidi. Ni mtoto anayebaki kwenye uwanja wa shule jioni, wakati watu asiowafahamu wanaingia na kutoka. Kikundi chochote, hata kiwe kitakatifu namna gani, hakina haki ya kustawi kwa hasara ya mtoto.

Haki moja kwa wote

Jambo hili linaligusa Kanisa moja kwa moja. Vigango vingi huanzia chini ya mti, huhamia darasani, na ndipo hujenga kanisa. Darasa linapotupokea, tunapaswa kulilipia, kulifagia na kulifunga kama mpangaji mwema, bila kutaka nafuu ambayo wengine hawapewi. Tukitaka kigango chetu kisali darasani siku ya Jumapili, hatuna budi kukubali ndugu zetu Waislamu wakutane humo siku yao, na madhehebu mengine ya Kikristo pia, kwa saa zile zile na mchango ule ule. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa kila mtu wa kuamini na kuabudu. Serikali haina dini, na jengo la serikali halina dini.

Swali hili limesumbua hata nchi za mbali. Katika mji mdogo wa Milford, jimbo la New York, Marekani, shule iliwaruhusu wakazi kutumia majengo baada ya masomo kwa shughuli za jamii, lakini ilikikatalia kikundi cha watoto wa Kikristo. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba shule ikishawafungulia wanajamii mlango, haiwezi kumfungia mmoja kwa sababu tu anazungumza kwa mtazamo wa dini. Sheria zao si sheria zetu, lakini hekima iliyomo ni rahisi kueleweka hata chini ya mbuyu: mlango wa umma ama ufunguliwe kwa wote kwa masharti yaliyo sawa, ama ufungwe kwa wote. Vivyo hivyo kwa vyama vya siasa: ama vyote vipewe ukumbi kwa kanuni moja, ama vyote vizuiwe.

Sanduku la Yehoyada

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, tunasoma habari za mfalme Yoashi. Aliagiza fedha za watu zitumike kutengeneza nyumba ya Bwana iliyobomoka. Ikapita miaka, hata mwaka wa ishirini na tatu wa utawala wake, na nyufa zilikuwa hazijazibwa. Fedha ilikuwa ikitolewa, lakini ukarabati haukuonekana. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu, mahali ambapo kila aingiaye aliliona. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakahesabu, na fedha ikaenda kwa maseremala na waashi.

Tazameni hekima iliyomo humo. Sanduku lilionekana na wote. Waliohesabu walikuwa wawili, tena wa ofisi mbili tofauti. Fedha ilikwenda kwenye ukarabati ambao kwa ajili yake ilitolewa. Wala Yehoyada hakuanza kwa kuwafukuza makuhani. Alianza kwa kuweka utaratibu. Shule zetu zinahitaji sanduku la Yehoyada.

Mapendekezo yetu

Tunapendekeza basi kwamba viongozi wa walei, wakishirikiana na majirani zao wa dini zote, wapeleke mambo yafuatayo mbele ya kamati ya shule ya msingi au bodi ya shule ya sekondari, na mbele ya mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa.

Kwanza, kanuni ziandikwe. Zitaje siku na saa ambazo majengo yanaweza kutumika, na kwamba shughuli za watoto hutangulia daima. Wakati wa mitihani na kambi za masomo, kikundi chochote kisubiri. Shughuli zimalizike kabla ya giza, na pombe isiingie kabisa.

Pili, watumiaji wagawanywe katika makundi matatu. Elimu ya watu wazima, mikutano ya kijiji na huduma za afya zisilipe kitu, ila wasafishe walipokaa. Vikundi vya wanachama, kama vile VICOBA, kwaya, jumuiya za ibada na vyama vya wakulima, vitoe mchango mdogo wa matunzo. Harusi, sherehe na semina za makampuni walipe kiasi kamili, maana wanaweza.

Tatu, kikundi kisicho na fedha kiruhusiwe kulipa kwa kazi: kutengeneza madawati, kupaka chokaa, kupanda na kumwagilia miti. Wasukuma wanalijua jambo hili tangu enzi za vijana waliolima kwa zamu chini ya nsumba ntale wao. Jasho nalo ni malipo.

Nne, fedha ipokelewe kwa njia rasmi za serikali, kwa namba ya malipo na risiti, na iandikwe katika hesabu za shule. Halmashauri ijulishwe viwango, ili mwalimu asionekane amejitungia kodi yake mwenyewe.

Tano, kila robo mwaka tangazo libandikwe mlangoni likionyesha nani alitumia majengo, alilipa nini, na fedha ilitengeneza kitu gani. Asiyejua hesabu atasomewa katika mkutano.

Wapo watakaosema kwamba tunamwongezea mwalimu mzigo. Tunawaelewa. Mwalimu mkuu tayari ana darasa la watoto wengi, taarifa za kuandika, na mara nyingi nyumba isiyofaa kuishi. Ndiyo maana tunapendekeza kamati imteue mjumbe wake asiye mwalimu ashike daftari la watumiaji na kukagua vyumba baada ya kila mkutano. Utaratibu mwema humpunguzia mwalimu lawama, naye atakuwa na jibu la kumpa mkubwa anayekuja usiku kudai ufunguo: kanuni ya kijiji hairuhusu.

Wengine watasema ni salama zaidi kufunga milango yote. Njia hiyo ni rahisi, lakini si ya haki. Mlango ukifungwa kwa wote, tajiri atakodi hoteli mjini Bariadi, na mjane atakutana na wenzake chini ya mwembe, mvua ikinyesha waahirishe mkutano. Kufunga kunamwumiza yule yule ambaye kanuni ilikusudiwa kumlinda.

Tunawasihi pia mwende kwa upole. Msiingie ofisini kwa mwalimu kama wakaguzi. Nendeni kwenye mkutano wa kijiji, ambao kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ni wa kila mkazi mtu mzima, mwulize kwa adabu, msikilize majibu, mpendekeze, na mjitolee kuwa wa kwanza kutii kanuni mtakazokuwa mmeziomba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu bado ni mdogo, na udongo wa kuuziba tunao sisi wenyewe.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni vikundi gani hutumia majengo ya shule, na ni vipi vimewahi kukataliwa? Kwa sababu gani?

2. Je, sisi tunaotumia darasa kwa sala au mazoezi tunaliacha katika hali ambayo tungependa mtoto wetu alikute asubuhi?

3. Nani kati yetu ni mjumbe wa kamati ya shule, na tumsaidieje kulifikisha jambo hili kwenye mkutano mkuu ujao?

Mungu awabariki, na amani ya Kristo ikae katika nyumba zenu na katika shule za watoto wenu.